Ngazi Saba za Jangwani: Maisha ya Papa Honoré Ntirenganya, 1909–1958

Mapadri waheshimiwa, wazee wa mtaa wa Mabanga, mama na papa mliotoka Sake, Masisi na Rutshuru, nanyi hasa mliokaa Jangwani, ninaowaona mmesimama kule nyuma karibu na uzio kama watu wasio na hakika kama wamealikwa, karibuni, mmealikwa. Mimi Célestin, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote bila haraka, kwa sababu kwa miaka saba watu wa mji huu wamekuwa wakiuliza kwa nini kilima kizima cha watu wa sala kiliachwa, masufuria yakiwa juu ya mafiga na milango ikiwa wazi, na kila swali hilo lilipoulizwa jina la kaka yangu lilitajwa, lakini jibu halikutajwa. Mnaijua desturi yenu, ya kwamba mtu wa Jangwani hubebwa na watu wa Jangwani mpaka kaburini, na ndiyo maana jeneza hili halijapangiwa wabebaji hata saa hii; nawaomba mnisikilize kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

Papa Honoré alizaliwa tarehe 8 Septemba 1909 huko Rugogwe, katika vilima vya Masisi, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa muzee wetu, aliyekuwa mfugaji, na wa mama yetu Mukashyaka. Alichunga ng'ombe tangu alipoweza kushika fimbo, na muzee wetu alimfundisha, kama alivyotufundisha sote, kwamba asubuhi isiyo na upepo mtu asipitishe ndama karibu na mashimo ya mawe meusi, kwa maana humo hulala mazuku, ile hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, na ng'ombe mkubwa hupita salama huku ndama aliye chini ya tumbo lake akianguka. Sisi wengine tuliitikia tukaenda zetu, lakini Honoré aliuliza hewa hiyo inatoka wapi, na kwa nini hailali pia juu ya miti, na inakwenda wapi jua linapopanda, hata muzee akachoka, akamwambia, “Weye mutoto, shimo ni la kuzunguka, si la kuuliza.”

Alisoma shule ya misioni kuanzia mwaka 1920 hadi 1926, akabatizwa mkesha wa Pasaka, tarehe 15 Aprili 1922, na katika karatasi yake ya mwisho, ambayo mama Léoncie ameitunza hadi leo, mwalimu aliandika maneno manne tu: ana akili, anauliza mno. Kwa sababu hiyo ya kuuliza hakupelekwa kwenye ukatekista, bali aliwekwa chini ya frera mmoja mjenzi, mtawa wa misioni, akajifunza uashi wa mawe kwa miaka mitatu, na kuanzia mwaka 1929 alifanya kazi hapa Goma, akichonga jiwe letu hili jeusi linalokula patasi na mapafu, na kuta zake nyingi bado zimesimama, nanyi mmezipita mkija hapa.

Mwaka 1936, mwezi wa Mei, alitafutwa na Mwalimu Hitimana, katekista mzee aliyekuwa amefundisha dini kwa miaka ishirini, mtu msomi na mpole, aliyesoma habari za wale mababa wa kale waliokimbilia jangwa la Misri ili wasali, naye akaomba kwa chifu kilima kimoja nyuma ya Sake ili waumini wenye kiu ya kimya wakae huko pamoja na wake na watoto wao. Kilima hicho alikiita Jangwani, na watu wa Sake walicheka sana, kwa maana mvua ilinyesha huko karibu kila siku na matope yalifika magotini, wakawa wanawaambia waliokuja sokoni, “Jangwa gani hii ya migomba? Ngamia zenu mumezifunga wapi?” Kanuni zake zilikuwa tatu, nazo nazitaja kwa sababu kila lililotokea lilitoka ndani yake: kitu chochote cha Jangwani, hata kijiko, hakina mwenyewe, wakati wa Kwaresima yote hakuna mtu kusema neno, ila kwa ishara za vidole, na mtu husali akiwa amelala kifudifudi, paji la uso juu ya ardhi, katika kikanisa kilichochimbwa chini, kwa maana Mwalimu alisema kwamba mwenye kutaka kupanda kwa Mungu na aanze kwa kushuka.

Kikanisa hicho alikichimba Honoré. Mwalimu alimwomba ngazi nne, lakini kaka yangu, aliyekuwa kijana na fundi, akitaka kuona mwamba ule unaishia wapi, alichimba ngazi saba, akajenga kuta za mawe bila dirisha, na mlango mmoja juu, na kazi ilipokwisha, mwezi wa Agosti 1937, watu walishuka wakalia kwa furaha, maana humo chini sauti ya mtu ilisikika kama inatoka kifuani mwake mwenyewe, naye akaamua kutoondoka tena.

Tarehe 29 Januari 1938 alifunga ndoa takatifu na mama Léoncie, binti wa mama Athanasie, yule mjane aliyewaongoza wanawake wa Jangwani katika sala, na Mungu akawajalia watoto wawili, Perpétue, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1939, na Victoire, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1942. Mkwe na mama mkwe wake walipendana kwa adabu ya kwetu, yaani kwa mbali, yeye akimpitishia kuni mlangoni bila kumtazama usoni, naye mama Athanasie akimtumia maziwa kwa mkono wa mtoto, na kila jioni alipomsikia akiuliza jambo aliwaambia wanawake, “Huyu mukwe wangu hata mbinguni atauliza nani alijenga mulango.”

Hivyo waliishi kwa miaka kumi na mitatu, wakafikia watu arobaini na watatu, wakilima maharagwe na viazi, na padri wa misioni akipanda kuwasomea misa mara moja kwa mwezi. Tarehe 11 Novemba 1950, siku ya Jumamosi, ardhi ilitetemeka, kikombe kikaanguka altareni, na katika sakafu ya kikanisa, mbele kabisa, ukafunguka ufa usiozidi upana wa kidole, ambao Honoré aliuziba kwa chokaa, kisha ukafunguka tena, akauziba tena. Kabla ya Noeli, mwanamke mmoja katika safu ya mbele alizimia wakati wa sala ya asubuhi, akatolewa nje, akaamka akiwa na kichwa kizito, akasema ameona mwanga, na siku nane baadaye papa Kamate, mwenye nguvu kuliko wanaume wote wa kilima, alizimia vilevile, na watu wakajawa na hofu takatifu, wakasema Mungu ameanza kuwatembelea watu wake. Hadi mwezi wa Februari waliotembelewa walikuwa kumi na wanne, na safu ya mbele ikagombewa kimyakimya, wengine wakiamka mapema kuiwahi, na wale ambao hawajatembelewa wakijichunguza dhambi zao.

Kaka yangu hakutembelewa hata mara moja. Alilala daima nyuma kabisa, juu ya ngazi ya nne, kwa sababu alikuja akitoka kazini na vumbi la mawe, na jambo hilo lilimuuma, alikiri mwenyewe, akafunga chakula, akaungama, akaomba, lakini pamoja na kuomba, kwa vile alivyoumbwa, akahesabu. Na akiisha kuhesabu akajikuta ana swali ambalo hakuthubutu kumwuliza mtu, yaani, kwa nini Mungu hutembelea walio mbele tu, na kwa nini asubuhi zisizo na upepo tu.

Siku ya Jumanne, tarehe 27 Februari 1951, katika wiki ya tatu ya Kwaresima, mama Athanasie alikutwa katika safu ya mbele amenyoosha mikono, uso umetulia, amekwisha kufariki. Hakuna aliyelia kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, lakini nyuso ziling'aa, kwa maana waliona mtakatifu amechukuliwa katikati ya sala yake, na tarehe 19 Machi Mwalimu akaandika juu ya ubao kwamba Ijumaa Kuu, ambapo wote hulala kifudifudi tangu saa sita hadi saa tisa ya mchana, mahali pa Athanasie patachukuliwa na mjukuu wake Perpétue, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na miwili, umri wa kushuka. Perpétue alikimbia kumkumbatia baba yake kwa furaha, na baba yake, akiwa amemshika, akahisi jinsi mtoto yule alivyo mfupi.

Jumanne na Jumatano za Wiki Takatifu, asubuhi, kabla ya watu kukusanyika, alishuka ngazi peke yake na mshumaa, akiuteremsha kwa mkono uliokunjuka. Alhamisi Kuu, tarehe 22 Machi, alikwenda kwa Mwalimu Hitimana, akavunja kimya ambacho hakikuwa kimevunjwa Jangwani tangu kuanzishwa kwake.

“Muzee, unisamehe, nitasema.”

Mwalimu aliweka kidole midomoni, kisha alipomwona uso wake akamjibu kwa sauti ya chini, “Kwaresima haiyaisha.”

“Ninajua. Lakini kesho mutoto wangu atalala pale mbele. Kuja kwanza uone mushumaa.”

Walikwenda pamoja, na mshumaa ukawaka wima mpaka ngazi ya nne, kwenye ya tano ukapinda, na kwenye ya sita ukazimika kama uliobanwa na vidole. Mwalimu akasema, “Unapuliza, wewe,” na Honoré akampa, “Shika wewe mwenyewe,” naye mzee akaushika, na mara tatu ukazimika mkononi mwake.

“Mazuku inakaa katika mabonde,” alisema Mwalimu, akiketi juu ya ngazi ya kwanza, “katikati ya mawe. Nani aliisikia ikipanda mulima kuja kusali?”

“Hata mimi sijui ilipita wapi, Muzee. Najua ule ufa, najua na huu mushumaa.”

“Athanasie aliitwa, Honoré. Unataka niambie watu kwamba aliitwa na shimo?”

Shimo lile alilichimba kaka yangu mwenyewe, kwa ngazi tatu zaidi ya alizoombwa, na aliyekufa ndani yake ni mama wa mke wake. Mwalimu aliendelea, machozi yakimtoka, “Watu kumi na wane wametembelewa. Nikisema neno hii moja, nitawanyang'anya Mungu wao kwa asubuhi moja, na Léoncie nitamunyang'anya kifo chema cha mama yake.”

“Basi usiseme kitu, Muzee. Na miye sitasema. Nitafanya tu kazi yangu ya uashi.”

Mchana wa siku ile, na tena Ijumaa tangu mapambazuko, Papa Honoré alibomoa kuta za zizi na za jiko la nje, akabeba mawe kwa mikono na kwa kichwa, akayatupa ndani ya mlango wa kikanisa, akafukia ngazi moja baada ya nyingine. Na hapa, ndugu zangu, ninyi mliokuwepo mtanisahihisha nikikosea, lilitokea jambo ambalo lingeweza kutokea Jangwani tu, kwamba watu arobaini walisimama wakimzunguka na hakuna aliyeweza kumwambia acha, kwa maana kanuni ilifunga vinywa vyao. Mama Dancille alijipiga mapaja, papa Kamate alimpokonya nyundo akaitupa katikati ya maharagwe, wengine wakapiga ishara zote walizozijua, na Perpétue, katika gauni lake jeupe, alimwuliza baba yake kwa vidole, kwa nini, kwa nini, naye akapita mbele yake na jiwe kichwani. Saa sita ilipofika mlango ulikuwa umejaa, na Mwalimu Hitimana akaja, watu wote wakamtazama, naye akalala kifudifudi juu ya majani, mahali pa wazi, kwenye upepo, na wote wakalala hivyo mpaka saa tisa.

Walipoinuka, kimya cha Jangwani kilikufa. “Muashi wa shetani!” mama Dancille alipiga kelele. “Umefukia nyumba ya Mungu siku ya kufa kwake!” Na papa Kamate akasema, “Huyu hakutembelewa hata siku moja. Ni wivu!”

“Ndiyo,” Honoré alijibu, “wivu nilikuwa nao.” Na hilo lilikuwa kweli, nalo ndilo neno pekee walilobeba waliposhuka kilima, kwa kuwa hakuwapa lingine.

Pasaka ile haikuimbwa. Waliotaka kuchimba upya hawakuwa na mwashi, wasiotaka hawakutaka kukaa pamoja na aliyefukia, na kuanzia Jumatatu, tarehe 26 Machi, familia moja moja zikaanza kuteremka, hata kufikia tarehe 8 Aprili hakubaki mtu ila Mwalimu peke yake. Na wale wanaouliza juu ya masufuria na milango, wakisimulia habari za mizimu na dhahabu, wajue ya kuwa sababu ni ndogo na ya heshima: hakuna sufuria iliyokuwa na mwenyewe, na kwa hiyo hakuna aliyeona haki ya kuichukua. Mwalimu Hitimana naye alishuka baadaye, akafariki huko Sake tarehe 3 Novemba 1953 bila kusema alichokiona mkononi mwake, nasi hatumlaumu, kwa maana alinyamaza kwa huruma. Lakini mwenye kulipia huruma ile alikuwa mwingine.

Papa Honoré alihamia hapa Mabanga mwezi wa Mei 1951, akarudia uashi, na mafundi wenzake mnajua desturi yake, kwamba shimo lolote, liwe la msingi au la choo, halikuingiwa na mtu kabla hajateremsha taa, mkamcheka mkamwita Papa Taa, naye akacheka pamoja nanyi. Lakini kanisani watu wa Jangwani walihama benchi alilokalia, sokoni salamu yake haikupokewa, na tarehe 10 Agosti 1957, Perpétue alipoolewa na kijana wetu Hitimana, jina tu ndilo analoshirikiana na Mwalimu, viti tulivyowawekea watu wa kilima vilibaki vitupu, na bibi harusi akamwambia baba yake mbele yangu, “Papa, uliniharibia siku yangu pale mulimani, na leo umeniharibia tena.” Alimjibu, “Ni kweli, mama,” akaenda kugawa vinywaji.

Ugonjwa wa kifua, alioupata kwa vumbi la mawe, ulimzidi mwezi wa Februari 1958, akalazwa hospitali mara mbili, na alipoona kwamba haponi, tarehe 1 Juni, siku ya Jumapili, alimwita mke wake, mimi na Perpétue, akatusimulia yote niliyowasomea, akimwomba mama Léoncie msamaha kwa ajili ya ngazi tatu. Mama Léoncie hakusema naye siku mbili, na sisi tuliogopa, lakini siku ya tatu alimletea uji, akaketi, akasema, “Mama yangu alienda kusali. Kile kilimungojea kule chini hakibadilishe kile alienda kufanya. Ila wewe, Honoré, miaka saba unalala karibu yangu na hii neno!” Kisha akamlisha.

Tarehe 6 Juni mimi na mume wa Perpétue tulipanda Jangwani, tukaondoa mawe ya juu, tukateremsha taa kwa kamba, na tuliporudi nilimwambia mgonjwa kwamba imezimika, nikidhani atafarijika kwa kushuhudiwa, yeye akafungua macho, akauliza, “Kwenye ngazi ya ngapi?” Nikasema, ya nne. “Imepanda,” akasema, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeonyeshwa kitu kipya, “sasa kwa nini imepanda?” Jumanne, tarehe 17 Juni 1958, saa mbili ya asubuhi, akiwa amepokea sakramenti zote, aliaga dunia, mwenye umri wa miaka arobaini na minane. Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, mapadri waliomletea Mwili wa Bwana nyumbani, jirani wa Mabanga mliochota maji na kupika siku hizi zote, na mafundi waashi mliochimba kaburi lake na, nimeambiwa, mkateremsha taa kwanza.

Nanyi watu wa Jangwani, msidhani yamesomwa haya ili kuwanyang'anya kitu. Ni mama Léoncie, binti wa Athanasie, aliyeniamuru jana niyasome, akasema kwamba mama yake hahitaji kulindwa kwa kuchafuliwa jina la mkwe wake, na kwamba Mungu aliyewatembelea mkiwa mmezimia aliweza pia kuwatembelea kwa mtu aliyebeba mawe. Perpétue amekwisha kushika mshiko wa mbele wa jeneza, upande wa kulia, nasi tumemwacha, ingawa si desturi kwa mwanamke. Imebaki mishiko mitano. Papa Kamate, nakuona umevua kofia. Njia imefunguliwa, pita.

Lala salama, kaka yangu, katika nyumba ya Yule ambaye maswali yako hayatamchosha.